Fundi Chaji na Sikio la Mama Mkwe

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ni fundi wa makochi. Ukimkuta kazini usitegemee salamu nzuri. Misumari midogo ya kupigilia kitambaa huiweka yote mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi kama mtu anayetema mbegu za chungwa, akaudaka kwa vidole na kuupigilia. Ukimsalimia kabla misumari haijaisha atakujibu "mmh," nawe utaondoka ukidhani amekasirika. Hajakasirika. Mimi nimemwona amekasirika mara moja tu, siku mgeni wetu alipotupa betri kwenye pipa la taka.

Mtaani wanamwita Fundi Chaji. Jina hilo lilianzia ndani ya kochi. Mafundi wa kazi hiyo wanajua kwamba kochi kuukuu lina siri nyingi kuliko mwenye nyumba. Ukilipasua utakuta vitana, vijiko, funguo, soksi isiyo na mwenzake. Mara moja alikuta meno ya bandia, akayarudisha kwa mwenyewe yamefungwa kwenye gazeti, na yule mzee akamwambia, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiyakalia!"

Basi siku moja alipasua kochi la mwalimu mstaafu akakuta chaja ndogo nyeupe na betri nne za kuchaji. Akampelekea.

"Chukua tu, fundi," mwalimu akasema. "Zilinishinda hizo. Nikiweka kwenye saa, nachelewa. Nikiweka kwenye tochi, najikwaa."

Shemeji akazipokea kama mtu aliyekabidhiwa watoto yatima.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Betri ya kawaida, ile tunayonunua dukani na kuitupa ikiisha, huanza na nguvu nyingi kisha huchoka polepole. Ya kuchaji ina nguvu pungufu kidogo tangu mwanzo, lakini haionyeshi kuchoka. Inakwenda vilevile, vilevile, halafu inakata. Shemeji mwenyewe hupenda kusema, "Ya kutupa inakufa kama mgonjwa: ndugu mnaitwa, mnaaga. Ya kuchaji inakufa kama umeme ukikatika: tonge liko njiani kwenda mdomoni, giza!" Na anasema hivyo kwa fahari, kama vile ni jambo zuri.

Shida ni kwamba vyombo vingi vya nyumbani vilitengenezwa kwa zile za kutupa. Shemeji alipoanza kuviwekea za kuchaji, kila chombo kilitoa tabia yake. Mizani ya kupimia uzito iligoma kabisa; iliandika kwamba betri zimekwisha, na betri zenyewe ndiyo kwanza zimetoka kwenye chaja, bado za moto. Mbwa wa kuchezea wa mtoto wao, aliyekuwa akibweka kwa ukali, akawa anabweka kama mzee aliyeamshwa usingizini. Tochi ikatoa mwanga wa manjano.

"Hii tochi inamulika au inaomba radhi?" mdogo wangu akauliza.

"Inatosha, mke wangu. Wewe unataka kuona nini huko?"

"Nataka kuona ninapokanyaga!"

Tena betri zilikuwa chache kuliko vyombo, kwa hiyo vikaingia zamu. Ukitaka kubadilisha stesheni ya televisheni ulitoa betri kwenye saa ya ukutani ukatia kwenye rimoti. Maana yake ni kwamba katika nyumba ile, watu wakitazama televisheni wakati ulisimama, na wakati ukianza kwenda tena, hakuna aliyejua umeanzia wapi. Mdogo wangu alikuwa anapika kwa kuangalia kivuli cha nguzo ya umeme.

Alipopata kuongeza betri nyingine, Shemeji aliweka sheria. Betri zilizochajiwa pamoja zifanye kazi pamoja na zipumzike pamoja. Ukichanganya iliyoshiba na yenye njaa, alisema, yenye nguvu inamla mwenzake. Kwa hiyo akachukua rangi ya kucha ya mkewe akazipaka mbili mbili: wawili wekundu, wawili kijani, wawili zambarau. Hao ni mume na mke, hawatenganishwi. Saa ya ukutani inakula betri moja tu, basi mwenzake alikaa kwenye droo akisubiri, kama mke wa baharia.

"Mimi na wewe tuna miaka mingapi kwenye ndoa?" mdogo wangu alimuuliza siku hiyo, ameshika kichupa chake cha rangi kilichobaki tupu. "Umewahi kunipaka mimi rangi?"

"Wewe huchanganyiki na mtu, mke wangu. Nani atakufananisha na mwingine?"

Hilo aliliona ni sifa.

Sasa niseme walikuwa wanakaa wapi, maana ndipo habari ilipo. Walikaa kwa Mama yetu, vyumba vya nyuma. Shemeji alifanyia kazi uani, chini ya turubai lililochoka. Jua likiwaka hakuna neno. Mvua ikinyesha, sponji zinakunywa maji, kitambaa cha mteja kinapata madoa, mbao zinavimba, na Shemeji anakimbia na makochi ya watu kama anayeokoa ng'ombe kwenye mafuriko. Mvua iliyopita alipoteza kochi zima la wateja maharusi. Wateja wakaanza kumkwepa. Mbele ya nyumba kulikuwa na chumba kinachotazama barabara, chenye dari nzima na mlango wa mbao, tangu Baba afariki kimejaa ndoo na mikeka. Shemeji alikitaka chumba hicho kuliko kitu chochote duniani. Asingekipata kabla ya mvua nyingine, angekunja turubai lake akatafute kazi ya kuajiriwa mbali, na mdogo wangu angemfuata.

Lakini chumba hicho alikitaka mtu mwingine pia: mume wa dada yetu mkubwa, ambaye ni kinyozi. Mwenye chumba alichopanga kwa kazi alikuwa amemwambia ahame. Wanaume waliooa ndugu huitana mwanyumba, na hawa wawili waliitana hivyo kwa meno yaliyobanwa. Kisa kilikuwa betri, nini tena? Kinyozi alipoona mwenzake anasifiwa kwa kuchaji, naye akaazima chaja akatia betri za kutupa, zile za dukani, akasema betri ni betri. Ziliungua, zikavuja, zikatoa harufu iliyowafukuza wateja wakiwa na vichwa nusu. Shemeji alikwenda pale, akatazama ile chaja iliyoharibika, akatoa machozi. Kinyozi akadhani anamlilia yeye. Alipojua anaililia chaja, urafiki ukaisha.

Mwenye kukata shauri alikuwa Mama. Nyumba ni yake, na hata msumari wa kalenda haupigiliwi ukutani bila ruhusa yake. Mama ni mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Ana mashine ya kusikilizia, kijisanduku anachokivaa shingoni kwa kamba, na waya unaokwenda sikioni. Mbele ya kijisanduku kuna kitaa chekundu. Ndani zinakaa betri mbili nyembamba. Zamani, alipotumia za dukani, sauti zetu zilikuwa zinafifia taratibu, siku moja, siku mbili, mpaka anasema, "Mnaanza kuwa mbali, nileteeni betri." Alijua.

Shemeji akamshawishi atumie za kuchaji. Akampa wekundu, wanandoa anaowapenda kuliko wote.

Tangu hapo Mama hakujua tena. Betri zilikata katikati ya neno, na kwa kuwa kitaa kinatazama nje, yeye hakukiona kikizimika. Alidhani sisi ndio tumenyamaza. Mara moja alimwambia jirani, "Siku hizi wanangu wamepata adabu, wananiacha nipumzike," na jirani wakati huo alikuwa anamweleza kwa kelele kwamba mbuzi yuko jikoni.

Basi Jumapili moja mchana Mama akatuita wote sebuleni. Mimi nilikaa karibu na mlango, mahali ninapopenda.

"Leo nakata shauri la chumba cha mbele," Mama akasema. "Kila mmoja aseme yake, nami nitasikiliza. Fundi, anza."

Shemeji akasimama. Alikuwa amevaa shati la kutokea, mfuko wa kifuani umevimba.

"Mama, uani mvua inaingia. Sponji ikianza kunywa maji haijui kusema basi. Wateja wananikimbia. Nikipata chumba nitabaki hapa nifanye kazi. Ni hayo tu."

Akakaa.

"Ndiyo hotuba hiyo?" mdogo wangu akamnong'oneza. "Wiki nzima unaongea na makochi, ndiyo hiyo?"

"Nyingine nimeisahau."

Kinyozi akasimama. Vinyozi wanajua kuongea, kwa sababu mteja wao hawezi kuondoka.

"Mama yangu mzazi," alianza.

"Sikukuzaa, endelea," Mama akasema.

"Mama mkwe wangu mtukufu. Nyumba ni kama uso. Na uso usiotengenezwa, hata uwe na akili namna gani ndani, nani atajua?"

Mama akatikisa kichwa kama anayekubali, akatabasamu. Kinyozi akapata moyo.

"Kwa hiyo nasema, ule ukuta wa mbele tuuvunje, tuweke kioo toka chini mpaka juu."

Mimi nikafumba macho nikingoja kishindo. Hakikuja. Nilipofumbua, Mama alikuwa anatikisa kichwa tena, ametulia tuli.

Dada mkubwa mwenyewe alishangaa. Akamkonyeza mumewe aongeze.

"Na ule mlango wa mbao wa kizamani tuutupe!"

Mama akatabasamu.

"Na wateja wakisubiri zamu, wawe wanakaa hapa sebuleni, kwenye kochi lako!"

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda.

Nikamtazama Shemeji kuona anavyopokea msiba huo. Hakuwa anamtazama Kinyozi. Alikuwa amekaza macho kifuani kwa Mama. Mdogo wangu naye akaona. Akamfinya, akanong'ona.

"Wewe! Unatazama nini kifuani kwa mama yangu?"

"Taa imezimika."

"Taa gani?"

"Ya mashine. Wekundu wamekata. Zamani. Tangu aliposema nyumba ni uso."

Mdogo wangu akatazama, akaelewa, uso ukachanua.

"Ina maana hasikii kitu?"

"Hasikii."

"Basi kaa kimya! Mwache aongee na ukuta anaotaka kuuvunja. Akimaliza, Mama atakuwa amesikia maneno yako peke yake. Chumba chetu!"

"Mke wangu, zikibaki ndani zimekata hivyo, mmoja anaanza kumla mwenzake."

"Wacha wale!"

"Hawatapona."

"Wasipone! Kaka, mwambie huyu!"

Nilitaka kumwambia, lakini sikuwahi. Kinyozi alikuwa amefika kwenye habari ya kupaka nyumba nzima rangi ya waridi, Mama anaendelea kukubali, ndipo Shemeji akaruka kama aliyekalia sindano yake mwenyewe. Akavuka sebule, akapiga goti mbele ya Mama.

"Samahani, Mama, nifungue hapa."

"Mwanyumba, mimi bado naongea!" Kinyozi akafoka.

Shemeji hakumsikia, kama Mama asivyosikia. Akafungua kijisanduku, akawatoa wekundu, akawapuliza, akawashika kwenye kiganja kama vifaranga. Kisha akatoa kijani kwenye mfuko wa shati akawatia. Kitaa kikawaka.

"Aa," Mama akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Kumbe bado mnaongea? Nilidhani mmemaliza, nikawa namngoja mtu ainuke alete chai."

Kinyozi akabaki mdomo wazi, mkono uko hewani.

"Lakini Mama, si umekubali?"

"Nimekubali nini?"

"Kuvunja ukuta! Umetikisa kichwa, wote wameona. Mlango umekubali. Sebule umekubali. Rangi ya waridi, ndiyo kabisa, umecheka!"

"Nilikuwa natazama shati lako," Mama akasema. "Nikasema moyoni, shati zuri, hata kama limekazwa tumboni. Nani avunje ukuta wa nani?"

Mdogo wangu akashika mdomo. Nadhani ndipo alipotambua kwamba kama mumewe angemtii na kukaa kimya, Kinyozi angeondoka na ndiyo za Mama, sisi sote tukiwa mashahidi, na kesho asubuhi angekuja na nyundo.

"Umekubali mbele ya watu, Mama," Kinyozi aliendelea kung'ang'ania. "Mtu mzima harudishi neno."

"Neno lipi? Mimi sikusema neno. Kichwa ni changu, nakitikisa ninavyotaka." Akamgeukia Shemeji, ambaye bado amepiga goti. "Wewe, ulijua kwamba sisikii?"

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nyumba ilipokuwa uso."

"Na hukusema?"

"Nilizuiwa."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Sasa kilichokuinua ni nini?" Mama akauliza, sauti imelainika. "Uliona haki ya mwenzako inapotea?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili za kawaida angesema ndiyo, Mama, haki. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, kilichobaki ni kuingia. Mimi mwenyewe nilimwombea aseme ndiyo. Mdogo wangu alikuwa amezunguka nyuma ya mgongo wa Mama, anatikisa kichwa cha ndiyo kwa nguvu.

"Hapana, Mama," Shemeji akasema. "Ni wekundu. Wangekaa humo wamekata, wangeharibika. Tena hawa ndio wa kwanza niliowapaka rangi."

Kisha Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka kijisanduku kikapiga mluzi, akakishika kifuani, akaendelea kucheka. Dada mkubwa akacheka. Kinyozi akajizuia, mabega yakamsaliti.

"Wanangu, sikilizeni," Mama akasema akijifuta macho. "Mkwe wangu huyu hakujali kama nimesikia au sikusikia. Hakujali chumba. Amejali vibetri viwili vyenye rangi ya kucha. Nilikuwa natafuta mtu wa namna hiyo. Mtu kama huyu atauvunja ukuta wangu? Atauonea huruma! Mlango ukipata ufa ataupaka dawa. Chumba ni chako, baba."

Mdogo wangu akapiga vigelegele. Shemeji akawatazama wekundu, kana kwamba wao ndio waliopewa chumba.

"Na mimi?" Kinyozi akauliza.

"Wewe chukua kibaraza cha mbele. Kiti kimoja, kioo kimoja, msumari mmoja. Na huo msumari nitauchagua mimi."

"Msumari mmoja, Mama?"

"Ukiendelea kuongea hata huo utaukosa, kioo ukishike kwa mkono."

Kinyozi akakaa. Jambo likawa limekwisha, watu tukaanza kusogeza viti, ndipo Mama akainua kidole.

"Lakini kuna sharti. Sikioni kwangu zirudi betri za dukani. Mimi nikiishiwa sauti nataka niishiwe polepole, nijue. Sitaki tena kukubali rangi ya waridi."

Nikajua hapo ndipo pagumu. Shemeji akainuka taratibu.

"Mama, za dukani zikiisha zinatupwa."

"Ndiyo maana yake."

"Nani atazitupa?"

"Wewe mwenyewe."

Shemeji akawafumbata wekundu. "Mama, tufanye hivi. Siku za kawaida za kuchaji. Siku za mkutano za dukani."

"Hapana."

"Au upande mmoja ya kuchaji, upande..." Akajikatiza mwenyewe, maana alikuwa karibu kutamka mchanganyiko.

"Kaka, nishikie huyu mume!" mdogo wangu akalia. "Tumepata chumba, yeye anabishania betri!"

"Mwache ajibu," Mama akasema. "Fundi, chagua. Chumba au betri?"

Kinyozi akasogea mbele ya kiti chake, macho yakameta. Shemeji akafikiri. Nasema kweli, alifikiri. Alitazama dirishani, uani, turubai lake linavyopepea na kochi la mteja chini yake likiwa limefunikwa nusu. Akawatazama wekundu. Mdogo wangu alikuwa amefunga mikono kama mtu anayesubiri hukumu ya mahakama.

"Chumba," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi talaka.

Jioni ileile tulianza kuhamisha. Ndoo na mikeka ilitoka, benchi la kazi likaingia, sponji zikapangwa mpaka darini. Kochi la mteja ndilo lilisumbua, la watu watatu, zito, na mlango wa mbao ni mwembamba. Kinyozi, aliyekuwa kibarazani anapima kioo chake, alitazama tunavyohangaika mpaka akashindwa kuvumilia, akaja kushika upande mmoja. Tukalisimamisha, tukalilaza, tukaligeuza miguu juu. Likaingia nusu, likagoma. Shemeji yuko ndani, sisi wawili nje, hakuna wa kupita.

"Mwanyumba," Kinyozi akasema chinichini, akihema, "ule ukuta tungeuvunja, hili kochi lingekuwa limeshaingia."

"Nimesikia!" Mama akaita kutoka sebuleni.